Kiti cha Nyuma

Msumeno wa bosi ulikuwa umeshagusa mkia wa mfano wa mbao wa pikipiki niliyoibuni, mama mkwe alipoingia karakana kuniletea miwani niliyoisahau nyumbani.

Bosi, ambaye tulimwita Rula, alitaka kukipunguza kiti cha nyuma kwa upana wa vidole vinne. "Hii ni pikipiki ya mbio," alisema.

"Ya mbio na ya safari ndefu, mzee. Sasa abiria akae wapi kutwa nzima, begani kwangu?"

Kiti kile nilikichora miezi mitatu. Kikikatwa, nimetwanga maji kwenye kinu.

"Shikamoo, mama," Rula akasema. "Hebu kaa hapo utuamulie."

"Marahaba, baba." Akapanda bila haraka, miguu kwenye vikanyagio, mkoba mapajani, mkono mmoja kwenye kishikio cha pembeni. "Haya, endeleeni."

Tukaendelea. Rula akasema pikipiki nzuri ina kiuno cha nyigu. Nikamwambia nyigu habebi mkwe wa mtu. Tukapandishiana sauti mpaka fundi rangi akatugusa mabega, akatuonyesha kwa kidevu.

Mama mkwe alikuwa amelala. Ameketi wima, mgongo umeegemea kile kimto nilichokiongeza nyuma, na mkoba haujateleza hata kidogo. Alikuwa anakoroma taratibu, kama injini isiyo na haraka.

Rula akauweka msumeno chini polepole, usije ukagonga sakafu.

"Pimeni alivyokaa," akanong'ona, "kabla hajaamka."