Kikaratasi cha Wino wa Kijani

Kila Ijumaa mafundi wa karakana ya ushonaji walitumbukiza kwenye kopo vikaratasi vya kumsifu mwenzao, msimamizi akavisoma. Ijumaa tano mfululizo Mzee Mbwera, mkataji mkuu, alisikia jina la Nasra tu, na kijicho kikamwingia.

Ijumaa ya sita msimamizi alisoma: “Mzee Mbwera hana mfano katika kukata kanzu.”

Mafundi wakakitupia macho kikaratasi. Maandishi yalikuwa ya kijani, na kalamu ya kijani mle ndani ilikuwa moja tu, nyuma ya sikio la Mzee Mbwera.

Nasra akawa wa kwanza kupiga makofi. “Kweli tupu, babu! Kwani mimi mkasi nilifundishwa na nani?”

Wote wakamfuata. Mkono wa mzee ukapanda polepole hadi kwenye kalamu, ukabaki hapo.