Maua ya Kufukia

Kijiji kizima kilimcheka Nyamizi alipopanda marejea, mimea isiyoliwa, badala ya mahindi. Sasa vichaka vyote vilikuwa vimechanua manjano tupu, na shemeji yake Lubango, yule yule aliyemshauri auze ardhi ile iliyochoka, akaleta wageni wayatazame maua. Wakamkuta anavikata vichaka na kuvifukia.

"Shemeji, una wazimu? Maua yote haya!"

"Sikuyapanda yatazamwe. Hiki ni chakula cha udongo."

"Udongo huu ulishakufa!"

Nyamizi aliweka panga chini. Alitembea shingo juu hadi kwenye kona alikofukia vichaka vya kwanza miezi miwili iliyopita, akachota konzi ya udongo mweusi, wenye unyevu, akamtilia Lubango kiganjani.

Mbele ya wageni wote, nyungunyungu akachomoza katikati ya vidole vya Lubango.