Salamu Zilizochujwa

Siku hizo hakuna aliyesoma ukurasa wa mtandao kwa macho yake. Mchujo, mashine ya ukutani katika kila nyumba, uliondoa misimbo, rangi na mapambo yote, hata ya maneno kama salamu, ukasoma kwa sauti kiini kilichobaki, kisha ukakituma kwa wakala wa mpokeaji, programu iliyojibu kwa niaba yake.

Mzee Shekue alimtengenezea binti yake Nasiba ukurasa, kwa adabu ya kupeleka habari nzito: salamu ndefu, kisha mama anaumwa kidogo tu, ukipata nafasi njoo.

"Mama anaumwa kidogo," Mchujo ulisoma. "Hakuna dharura."

Punde wakala wa Nasiba akajibu: atakuja mwezi ujao.

Mwezi! Daktari alisema mama hatamaliza hata wiki. Shekue alimtazama mkewe, aliyelala chini ya mashine ile bila kuambiwa lolote, akaandika upya.

"Mama anakufa," Mchujo ulisoma, chumba kizima kikasikia. "Njoo leo."

Mkewe akafumbua macho. "Kumbe ulidhani sijui, baba Nasiba? Haya, ongeza kwamba namsalimia sana."

Akaongeza.

"Mama anakufa," Mchujo ulisoma tena. "Njoo leo."