Prosesa Tatu Zilizokaa Bure

"Sogea pembeni kidogo, nione unachoandika," Mama Mafaili alisema.

Fundi wa programu aliigeuza kompyuta ili mtunza kumbukumbu huyo wa hospitali aone kioo chote. Mama Mafaili alikuwa amerudi kutoka likizo asubuhi hiyo, na jambo la kwanza kuambiwa ni kwamba dada wa fundi amelazwa ghorofa ya pili, kwenye mashine.

Programu ilikuwa ikitafuta mtu wa kupewa figo moja tu ya mtoaji iliyokuwa nzima. Ilikaa ndani ya kompyuta hii moja, hifadhidata ikiwa humo humo, na ilihitaji saa moja na nusu kulinganisha vipimo vya mtoaji na vya wagonjwa elfu mbili. Daktari alishasema: moyo wa mtoaji hautahimili zaidi ya saa moja.

"Ina prosesa nne, bongo nne za kufanyia hesabu," fundi alisema. "Inayofanya kazi ni moja. Tatu zimekaa bure."

"Kama ofisi yetu."

Fundi hakucheka. Aliruhusu prosesa zote nne, kisha akatenga kumbukumbu kubwa zaidi ili orodha nzima ikae humo, isisomwe kidogo kidogo kutoka kwenye diski.

Daktari alichungulia mlangoni. "Hukupaswa kuitwa leo."

"Nani mwingine anaijua programu hii?"

Daktari akaenda zake.

"Unaona?" Mama Mafaili alisema. "Hata yeye anajua haifai."

Dakika kumi na mbili. Jina la juu lilikuwa la mwanamke wa miaka thelathini. Fundi aliendesha programu tena kuhakikisha. Safari hii juu alikuwa mwalimu wa miaka hamsini, na yule mwanamke alikuwa wa pili.

"Mara huyu, mara yule." Mama Mafaili aliweka kidole kwenye kioo. "Mwanangu, mimi nimezeeka, sijapofuka. Huyu binti ndiye dada yako?"

"Wana alama sawa," fundi alisema, macho yakiwa kwenye saa. "Prosesa moja husoma kutoka juu hadi chini, kwa hiyo aliyeandikishwa mapema hutangulia. Zikiwa nne, kila moja ina fungu lake. Inayowahi kumaliza, jina ililolipata ndilo linalokaa juu."

"Kwa hiyo mtu afe kwa sababu prosesa yake ilichelewa?"

"Kwa sababu mimi sikuandika sheria. Miaka minne majibu yalikuwa yakitoka sawa kwa bahati tu."

Aliandika mstari mmoja: wakilingana alama, aliyesubiri zaidi atangulie. Mama Mafaili aliusoma mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Kumi na mbili nyingine zikaisha. Mwalimu. Alikuwa amesubiri miaka sita.

Mama Mafaili alishusha pumzi. "Nisamehe, baba. Nilikudhania vibaya. Na dada yako naye zamu yake itafika."

Fundi alichapa karatasi, akampelekea daktari koridoni. Daktari aliisoma, akapiga simu mwalimu aandaliwe, kisha akamshika fundi bega.

"Nenda ukamuage dada yako," alisema. "Mama yenu ameshamuaga. Figo yake tunaitoa sasa hivi."