Kadi Kumi na Mbili za Ikupa

Mzee Bujiku aliichukua kadi, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaguna, kisha akaiweka juu ya zote. Kadi yenyewe iliandikwa: KUBADILI RANGI YA PROGRAMU.

Ikupa aliandika kwenye daftari: rangi, tena. Huyu alikuwa mkulima wa saba pale Ngulyati, na wote saba walikuwa wametanguliza rangi, mbele ya mvua, mbele ya bei ya pamba, mbele ya dawa ya kupe.

Kampuni iliyomwajiri Ikupa ilitaka kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya wakulima. Kila kadi ilitaja kazi moja ambayo programu ingeweza kufanya. Mkulima anazipanga kwa umuhimu, mafundi wanaanza na ya juu. Mkataba wa Ikupa ulikuwa unaisha Ijumaa. Bosi wake, Ferdinand, alishamwambia kwamba asipoleta mpangilio ambao watu wanakubaliana, asihangaike kurudi ofisini.

Wiki iliyopita kule Migato alikuwa ameaibika. Kila mtu alipanga lake, na mbuzi akala kadi ya masoko. Safari hii alichapa kadi mpya na kuzitia alama kwa kalamu nyekundu, asije akapoteza nyingine.

Kazi aliifanya kwa haki. Kila mara alizichanganya upya, na kumwambia kila mtu kwamba hapa hakuna jibu sahihi wala kosa. Walimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza nesi akisema sindano haiumi. Kisha walishika kadi moja moja, wakazigeuza mbele na nyuma bila haraka. Ikupa aliandika kwenye daftari kwamba hajawahi kuona watu makini namna hii.

Kufikia saa sita alikuwa na nadharia kamili. Mfugaji humjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa hiyo rangi kwake ndiyo mwanzo wa kila kitu. Aliisoma mara mbili, na Mungu amsamehe, akaiamini.

Wa nane na wa mwisho alikuwa mama mwenye mji, Mayu Nyanjige. Alizipanga zote kumi na mbili kabla chai haijapoa. Mpangilio ulikuwa ule ule, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Ikupa alituma ripoti kwa simu palepale. Ferdinand alijibu kabla ugali haujasongwa: mkataba mpya wa miaka miwili, hongera sana, na mafundi wameshaanza na rangi. Mvua itasubiri.

Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alimshika Mayu Nyanjige mikono, akamwambia kazi imepona.

Mama yule alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alizikusanya kadi, akamvuta Ikupa nyuma ya ghala la pamba, akatazama huku na huku.

"Tunashukuru, mwanangu. Mji mzima tulikuwa na wasiwasi na wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ila siku nyingine majibu usiyaandike nyuma. Wakubwa zako wakijua, watakufukuza."

Ikupa aliigeuza kadi ya rangi. Nyuma yake, kwa wino mwekundu na kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na namba: 1.