Nafasi Tupu Kabla ya Jina

Skrini ya zahanati iliandika "Aingie sasa:" halafu pakawa peupe. Nesi mlangoni hamruhusu ambaye skrini haijamtaja, na wa kwanza kwenye foleni, kifua kikimpiga filimbi, alikuwa mama yake Tunu. Tunu, aliyeketi kwenye kompyuta ya mapokezi, ndiye aliyeutengeneza ukurasa wa skrini hiyo.

"Nani kagusa msimbo wangu?"

"Mimi, dada," alisema Shebe, fundi mwenzake, akichekelea kama bwana harusi. "Ulibanana kama dagaa. Nimelishusha kila jina mstari wake, upendeze."

"Programu inachukua kitu cha kwanza kwenye orodha. Sasa inaokota nafasi tupu uliyoiacha kabla ya jina ulipolishusha."

"Kwani na nafasi tupu inahesabiwa?"

"Kuliko mama yangu," alisema Tunu, akigonga kibodi kama anayeponda nge.

Nyuma yake mama aliinuka, akaushika ukuta, akaanza kuufuata ule weupe wa skrini, kana kwamba ndio uliomwita.