Sekunde Tisa

Dorika hakuwahi kuitazama video ile hadi mwisho. Alitazama sekunde tisa za mwanzo, akasimamisha, akarudisha, akatazama tena. Watu wengine wote walifanya kinyume chake. Sekunde hizo tisa waliziruka, maana ndani yake hakuna anayepigwa.

Katika sekunde hizo Emilian, mwanawe, yuko hai. Anapita njia ya machimbo ya Sekenke na mfuko wa mahindi begani, anakwenda mashineni. Anageuza shingo kuelekea kamera, anacheka, anainua mkono kusalimia. Alikuwa hivyo huyo kijana, hata asiyemjua alimsalimia. Halafu picha inatikisika, yowe linapigwa: "Mwizi! Mwizi wa mawe ya dhahabu!" Hapo Dorika husimamisha. Yanayofuata aliyaona kwenye mwili wa mwanawe, walipomletea maiti.

Mfuko haukuonekana tena. Basi mahindi yakageuka mawe ya dhahabu, na Emilian akawa mwizi, tena mwizi wa kwenye simu, anayejulikana hadi Dar es Salaam. Kaburi lake lilichimbwa na wajomba zake wawili tu. Majirani aliowasaidia kulima na kuwazikia wafu wao hawakutia mguu. Hilo lilimuuma Dorika kuliko kifo chenyewe. Alitaka jina la mwanawe lisafishwe, hakutaka kingine.

Kijijini kwao yowe lina adabu zake. Anayelipiga hutaja jina, husimama palepale, na watu wakifika huulizwa yeye kwanza: umeona nini? Siku ile hakusimama mtu. Kila aliyeshika fimbo alisema yeye alisikia tu, akakimbia kama wenzake.

Wiki mbili baada ya mazishi, Dorika akamwita Alute, yule kijana mwenye televisheni ya mtandaoni, aliyeirusha video. Zamani Alute alirusha mikutano ya kijiji na mbuzi waliogongwa na malori, wala hakuna aliyemtazama. Siku hizi akipita sokoni watu wanamwita kwa jina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

Akapewa uji wa mtama. Akaunywa! Jamani, kuna watu nyuso zao ni kavu. Alimaliza bakuli, akafuta mdomo, akaisimamisha simu yake kwenye stendi ya miguu mitatu.

"Tuko laivu, mama. Watu elfu sita wanatutazama."

"Na wa hapa kijijini?"

"Hao ndio wa kwanza kufungua." Akaweka kola sawa. "Mama, unajisikiaje?"

Dorika akasema anajisikia vibaya, akalia. Alute akaisogeza simu karibu na uso wake. Kabla machozi hayajakauka, akamwomba aeleze tena, polepole, huku ameshika picha ya marehemu kifuani. Mama wa watu akakubali. Alikuwa mpole hadi unamhurumia.

"Na mimi nina swali, baba," alisema alipomaliza. "Yowe alilipiga nani?"

"Hata sijui, mama. Mimi nilikuwa Kiomboi. Nilipigiwa simu kwamba kuna mwizi anapigwa, nikawasha pikipiki. Nilikuta watu wameshajaa."

"Emilian hukumkuta anatembea?"

"Nilimkuta yuko chini. Mungu ni shahidi."

"Na ile video, umeipiga mwenyewe yote?"

"Yote, mama. Kwa simu hii hii." Hapo kidogo akajivuna.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Dorika alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaichomoa simu kwenye stendi, akaenda kusimama nayo mlangoni. Nyumba ile ina mlango mmoja.

"Ninyi mnaotazama," akaiambia simu, "irudisheni ile video mwanzo, pale mnaporuka. Mwanangu anamsalimia nani?"

Kigoda kikaanguka. "Mama, subiri," Alute alisema. "Mama, tuzungumze kwanza."

Dorika akageukia nje, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe hadi kuku wakatawanyika uani.

"Ni mimi, Dorika! Nimepiga mimi! Niko hapa, njooni mniulize!"

Mtu akaitikia kutoka kwenye mashamba ya alizeti. Akaitikia wa pili, kisha wengi. Vishindo vya miguu vikaanza kusikika njiani.

Dorika akamgeuzia Alute simu, akaisogeza karibu na uso wake, kama alivyomwona yeye akifanya.

"Baba," akamwuliza, "unajisikiaje?"